Sheikh Abdallah Saleh Farsy: Mwalimu wa Shule Aliyetuachia Tafsiri

 

Ukiingia msikitini kwetu hapa Kitengela baada ya Alasiri, ukatazama rafu ya misahafu, utakiona kitabu kimoja kinene ambacho kila mtu anakijua. Jalada limechakaa, na kurasa za mwanzo zimeshikiliwa na gundi. Hiyo ni Qurani Takatifu, tafsiri ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy. Wazazi wetu wameisoma, ustadh ametusomea, na Ramadhani hii utaona vijana wameizunguka wakingojea adhana ya Magharibi. Lakini hebu waulize vijana kumi swali hili moja: huyu Sheikh alikuwa akifanya kazi gani? Tisa watakujibu kwamba alikuwa sheikh tu, basi. Kana kwamba usheikh unalipa kodi ya nyumba na kununua unga!

Mimi nilikuwa mmoja wa hao tisa. Lililonifanya nimtafute Sheikh na kuyasoma maisha yake ni jambo lililonipata Ramadhani iliyopita, na nitalisema wazi ijapokuwa linaniaibisha kidogo. Sisi vijana wa jumuiya tulikuwa tumeahidi kupeleka vyakula vya futari Kajiado mjini na kwa familia zilizo mbali kidogo na barabara ya Namanga. Vyakula vilipatikana, alhamdulillahi. Gari la kuvibeba halikupatikana. Nilikuwa na pesa za karo mkononi. Nikachukua nusu yake nikalipia gari, nikijiambia kwamba michango itaingia wiki ile ile na nitairudisha. Michango ilichelewa. Tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kwa mitihani ikapita, na masomo mawili yakanisubiri hadi mwaka mwingine. Mama yangu, ambaye anauza mitumba sokoni hapa Kitengela na ndiye aliyezikusanya pesa zile shilingi kwa shilingi, hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, ile sadaka nimeitoa mimi au nimemtolea yeye bila ya kumuuliza?

Ndugu yangu, swali lile lilininyima usingizi. Nikaanza kutafuta: je, wale wakubwa wetu waliofanya makubwa kwa ajili ya dini walikula nini? Walilipa vipi? Nikaanza na yule aliye karibu zaidi, yule wa kwenye rafu.

KUZALIWA NA KUSOMA KWAKE

Sheikh Abdallah alizaliwa Unguja mwaka 1912. Zanzibar ya wakati ule ilikuwa na Sultani wake, lakini chini ya himaya ya Waingereza. Pia ilikuwa ni bahari ya elimu. Wanavyuoni walitoka Hadhramaut, Ngazija, Lamu, Barawa na Mombasa wakakutana pale, na mtu aliyetaka kusoma fiqhi, nahau au tafsiri aliweza kutoka msikiti huu akaingia msikiti ule mpaka usiku.

Katika utoto wake zilikuwapo njia mbili, na wazee wengi wa pwani walidhani kijana ni lazima achague moja. Njia ya kwanza ni chuo, na baada ya chuo darsa za masheikh. Njia ya pili ni shule ya serikali, ambayo baadhi ya watu waliiogopa wakisema kwamba itawageuza watoto. Yeye alipita zote mbili. Aliingia shule ya serikali, akaendelea mpaka akafunzwa ualimu. Wakati huo huo alikaa mbele ya masheikh wakubwa wa Unguja, miongoni mwao Sheikh Abubakar Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmad bin Sumait. Kwa hivyo alipofika miaka ya ishirini na kitu, umri wangu mimi na pengine umri wako wewe, alikuwa na vitu viwili mkononi. Alikuwa na elimu ya dini iliyopokewa kwa masheikh, na cheti kilichoweza kumpa mshahara.

Hapa nataka tusimame kidogo. Sisi vijana wa leo mara nyingi tunadharau kimojawapo. Yule wa chuo kikuu anaona madrasa ni mambo ya utotoni. Yule wa madrasa anaona kusoma uhasibu au uuguzi ni kuitafuta dunia. Sheikh Abdallah hakukidharau chochote. Kile cheti ndicho kilichomwezesha kuishi, na ile elimu ya msikitini ndiyo iliyompa cha kuwapa watu.

CHAKI MCHANA, KITABU JIONI

Mwaka 1933 akaanza kazi ya ualimu. Alikuwa mwajiriwa, ndugu msomaji. Mwalimu wa shule, mwenye zamu, mwenye daftari la mahudhurio, mwenye wakubwa juu yake. Kazi hii ya elimu aliifanya zaidi ya miaka ishirini na mitano. Alipanda ngazi kama anavyopanda mtu yeyote aliyeajiriwa. Akawa mkaguzi wa masomo ya dini katika shule za Unguja na Pemba, akashika uongozi wa shule, mpaka mwaka 1960 alipokuwa Kadhi wa Zanzibar.

Na katika miaka hiyo hiyo ya ajira ndipo alipofanya yale tunayomkumbuka kwayo. Darsa alizisomesha misikitini baada ya saa za kazi. Vitabu aliviandika naye bado ni mwalimu. Kitabu chake juu ya Seyyid Said bin Sultan kilitoka katika miaka ya 1940, na maisha ya Mtume wetu (S.A.W.) aliyaandika kwa Kiswahili chepesi ambacho mtoto wa shule alikifahamu. Kisha kuna Saumu na Maamrisho Yake, kijitabu ambacho wengi wetu tumejifunzia mambo ya funga bila hata ya kuangalia jina la mwandishi. Aliandika hata juu ya ada za harusi za Unguja, maana hakuona kwamba maisha ya watu wa kawaida ni kitu kidogo.

Angalia jinsi kazi yake ya mshahara ilivyoitumikia kazi yake ya kujitolea. Mwalimu wa shule anajua kueleza jambo kwa mtu asiyelijua. Anajua kupanga somo, kurudia, na kuchagua neno jepesi. Ukisoma maelezo yake chini ya aya utaiona sauti ya mwalimu wa darasani. Anamweleza mwanafunzi wa nyuma kabisa, wala hajionyeshi kwa maulamaa wenzake. Ukaguzi nao ulimpitisha shule za visiwa vyote viwili, akaona mwenyewe watoto wanafahamu nini na hawafahamu nini. Yule aliyefasiri Qur'ani na yule aliyeshika chaki ni mtu mmoja.

Basi wewe unayesomea kompyuta, au unayefanya kibarua katika viwanda vya EPZ pale Athi River, usidhani kwamba saa zako za kazi ni saa zilizopotea kwa dini. Kule unakojifunza kuweka hesabu, kutunza muda na kusema na watu ndiko unakopata cha kuipa jumuiya yako.

WALIOMTANGULIA

Sheikh Abdallah alipenda sana kuandika maisha ya wanavyuoni waliomtangulia, na alitukusanyia habari zao katika kitabu chake juu ya wanavyuoni wa kishafi wa Mashariki ya Afrika. Lau si yeye, wengi wao tungewasahau. Ukizifuata habari za watu hao utaona jambo la kushangaza. Wengi walikuwa na kazi za mikono yao.

Mchukue Sayyid Ahmad bin Sumait, baba yake yule Sayyid Omar niliyemtaja. Alizaliwa Ngazija mwaka 1861, akafariki Unguja mwaka 1925. Ni mmoja wa wanavyuoni wakubwa kabisa waliopata kutokea katika pwani hii, na Kadhi wa Zanzibar. Lakini katika ujana wake alikuwa nahodha. Aliendesha jahazi la baba yake katika biashara, na alijua pepo na nyota kabla ya kukaa kwenye kiti cha ukadhi. Hakuna aliyesema kwamba jahazi lile lilimpunguzia elimu.

Mchukue pia Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, mzaliwa wa mwaka 1891. Alifiwa na baba akiwa mtoto mdogo, akalelewa na jamaa yake Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Mwaka 1930 alianzisha karatasi ndogo ya habari aliyoiita Sahifa, na mwaka 1932 akatoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Humo aliwasukuma Waislamu wasome, wafanye kazi na biashara, waache uvivu na anasa za harusi za madeni. Mwaka ule ule wa 1932 akawa Kadhi wa Mombasa, na mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Al-Islah haikuishi miaka mingi.

Sheikh Al-Amin naye alianza kuifasiri Qur'ani kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1947, umri wake miaka 56, na kazi ile haijamalizika. Sehemu aliyoiacha ilikuja kuchapishwa miaka zaidi ya thelathini baada ya kufa kwake, ikapitia mkononi mwa mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui.

Nimekuletea habari hii kwa makusudi. Kijana wa kujitolea akikosa kumaliza jambo huona ameshindwa, na pengine huacha kabisa. Je, Sheikh Al-Amin alishindwa? Alilima alipoweza, akaacha jembe mahali ambapo mwingine aliliona. Kazi ya Mwenyezi Mungu si ya mtu mmoja. Anayejaribu kuibeba yote peke yake atavunjika mgongo, na mzigo utabaki pale pale njiani.

TAFSIRI ILIYOCHUKUA MIAKA

Sasa turudi kwa kile kitabu cha kwenye rafu. Kabla ya tafsiri ya Sheikh Abdallah zilikuwapo tafsiri mbili kamili za Qur'ani kwa Kiswahili. Ya kwanza ilitoka mwaka 1923, nayo ni kazi ya Godfrey Dale, padri wa kimishonari aliyekuwa Zanzibar. Ya pili ilitoka Nairobi mwaka 1953, kazi ya Maahmadiyya. Fikiria hali ilivyokuwa: Mswahili Muislamu wa Sunni aliyetaka kuisoma Qur'ani yote kwa lugha yake, asiyejua Kiarabu, alikuwa hana budi kuchukua moja ya hizo mbili. Haja ilikuwa kubwa, na kila mtu aliiona. Lakini kuiona haja ni jambo moja, na kukaa kitako ukaandika ni jambo jingine.

Sheikh Abdallah alikaa akaandika. Hakuomba likizo ya miaka kumi, na hakungoja apatikane tajiri wa kumlisha. Kazi ilitoka kipande kwa kipande, kijitabu baada ya kijitabu, na watu wakawa wanasoma sehemu iliyokwisha huku yeye yumo katika sehemu inayofuata. Kitabu kamili kilichapishwa mwaka 1969, na taasisi ya Islamic Foundation ya Nairobi ndiyo iliyokitoa. Hebu piga hesabu. Tangu aliposhika chaki mwaka 1933 mpaka kitabu kilipotoka kizima ni miaka 36.

Sisi tunataka mradi uanze mwezi wa Rajabu, Shaabani upigwe picha, Ramadhani uishe, na Shawwal tuwe tumeshachoka. Yeye alifanya kidogo kidogo, akadumu. Na tunajua sote kutokana na mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.) kwamba amali inayopendeza zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile ya kudumu, hata kama ni ndogo. Hadithi hiyo tunaihifadhi madrasa, kisha tunapanga miradi kama ambao hatujaisikia.

Tena angalia ni miaka gani hiyo 36. Haikuwa miaka ya raha. Mwezi wa Januari 1964 yakatokea Mapinduzi ya Zanzibar. Watu waliuawa, wengine wakakimbia, na familia nyingi zikatawanyika. Ule mji wa darsa ukabadilika. Mwaka 1967 Sheikh Abdallah, mtu wa miaka 55, akahamia Kenya. Ndugu msomaji, jaribu kukiweka kitu hicho moyoni. Umri wa miaka 55 ni umri ambao mtu anafikiria kustaafu. Yeye alianza upya katika nchi nyingine.

KADHI MKUU WA KENYA

Mwaka 1968 aliteuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Alichukua nafasi hiyo kutoka kwa Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, yule yule mwanafunzi wa Sheikh Al-Amin. Wawili hawa walizaliwa mwaka mmoja, 1912, na wakafariki mwaka mmoja, 1982. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Wakati huo Kitengela yetu haikuwa mji. Ilikuwa ni nyika ya malisho ya Wamaasai, na wanyama wa mbuga ya Nairobi walikuwa wakitoka na kuingia humo watakavyo. Lakini kazi aliyoifanya Sheikh katika miaka ile imetufikia hata huku bara, kwa sababu ukadhi ulikuwa kazi ya mshahara, na kalamu ilikuwa ile ile ya kujitolea. Mchana aliwaamulia watu mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Nje ya hapo aliendelea kusomesha na kuandika, mpaka miaka ya 1970 ilipokuwa inakwisha.

Si wote waliokubaliana naye. Aliandika waziwazi dhidi ya mambo aliyoyaona ni uzushi katika dini, na wapo maulamaa waliomjibu kwa ukali, nao walikuwa na hoja zao. Makala haya hayakuja kuamua ugomvi huo. Nautaja ili ujue kwamba anayejitolea hapewi maua kila siku. Ukiingia katika kazi hii kwa kutafuta kusifiwa, utatoka siku ya kwanza utakayolaumiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliacha ukadhi, akaenda Oman, na huko ndiko alikofariki mwezi wa Novemba 1982, akiwa na miaka 70. Hakuna mtu leo anayeulizia alipokea mshahara kiasi gani. Lakini bila ya mshahara ule, pengine rafu yetu ingekuwa na nafasi tupu.

TUCHUKUE NINI?

Ndugu yangu, dada yangu, nisikuhubirie sana, maana mimi mwenyewe ni mgonjwa ninayetafuta dawa. Lakini yako mambo matatu niliyoyapata, nami nayaweka mbele yako.

La kwanza: kutafuta riziki ya halali ni ibada, na anayekutegemea ana haki juu yako kabla ya wa mbali. Tazama Sayyidna Abubakar (R.A.). Alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Imepokewa kwamba alipokuwa Khalifa, mwaka wa 11 Hijria, asubuhi aliamka akabeba nguo zake kwenda sokoni kama kawaida. Sayyidna Omar (R.A.) alipokutana naye akashangaa, vipi kiongozi wa Waislamu anakwenda sokoni? Akajibu kwamba ana watu wa nyumbani wa kuwalisha. Hapo masahaba wakakaa, wakamwekea posho kutoka Baytul Mal. Mtu bora kabisa baada ya Manabii, na mzigo wa umma mzima uko mabegani mwake, lakini hakuisahau jiko la nyumbani kwake.

La pili: kisa hicho kina upande mwingine, na huu unawahusu wazee wetu na viongozi wa jumuiya. Masahaba hawakumwambia Abubakar ajitolee tu, malipo yake yako akhera. Walimtengea fungu. Basi ikiwa kijana anafundisha watoto hamsini kila Jumamosi na Jumapili, angalau nauli yake itoke katika mfuko wa jumuiya. Ikiwa msichana anaweka hesabu za zaka usiku mpaka saa sita, asiulizwe mbona ameanguka mtihani. Wakati wa ukame ule ulioua mifugo mingi hapa Kajiado kati ya 2020 na 2023, vijana walijitoa wakapeleka maji na chakula, na wengine walitoa mpaka cha mwisho. Ni jambo la kusifiwa. Lakini jumuiya inayowamaliza vijana wake haitakuwa na wazee wa kesho.

La tatu: ahidi kidogo, timiza. Mwenye saa mbili kwa wiki aseme saa mbili, asiseme kila siku. Sheikh Abdallah alikuwa na saa za shule zisizoguswa na darsa, na darsa zisizoguswa na shule. Nasi tuweke mpaka huo. Pesa ya karo ni pesa ya karo. Pesa ya jumuiya ni pesa ya jumuiya. Mifuko miwili ikichanganyika, hata nia ikiwa safi, mtu huangukia katika deni, na deni ni jambo ambalo Mtume wetu (S.A.W.) alijikinga nalo katika dua zake. Ukitaka kutoa sadaka, toa katika chako. Na ukitaka kutoa cha mama, muombe kwanza.

NILIVYOFANYA MIMI

Pesa zangu zilirudi mwishowe, alhamdulillahi, ila zilirudi wakati mitihani imeshapita. Nilikwenda kwa mama nikamwomba radhi. Alisamehe, lakini akanitaka nimpe ahadi moja, nimalize masomo, na nimempa.

Kisha nikaenda kwa amiri wetu wa jumuiya. Nilikuwa nashika kazi nne: madrasa ya Jumamosi, ratiba ya futari, ukusanyaji wa michango na safari za Kajiado. Nikamwambia nitabaki na moja, madrasa ya Jumamosi, kwa miaka miwili iliyobaki, na hiyo sitaikosa kwa mvua wala jua. Nilitetemeka nikimwambia, maana nilidhani ataniona mvivu wa dini. Alinyamaza kidogo, kisha akakubali, akaongeza kwamba tangu sasa hakuna gari litakalokodiwa kabla ya pesa zake kuwa kwenye akaunti. Safari za Kajiado zimechukuliwa na ndugu wawili walioajiriwa, wenye uwezo kuliko mimi. Ramadhani hii vyakula vimefika mapema kuliko mwaka jana. Kumbe nilipotoka njiani, njia haikufungika!

Jumamosi iliyopita niliwasomea watoto wangu wa madrasa kutoka kwenye kile kitabu kilichochakaa. Mtoto mmoja wa miaka tisa akaniuliza aliyekiandika alikuwa nani. Nikamjibu kwamba alikuwa mwalimu wa shule. Akashangaa, akanitazama kama niliyemdanganya, kisha akasema naye anataka kuwa mwalimu. Nikamwambia vizuri sana, basi fanya kwanza kazi ya nyumbani uliyopewa shuleni, halafu tuendelee na suratul Mulk.

Ndugu msomaji, tumwombe Mwenyezi Mungu amrehemu Sheikh Abdallah Saleh Farsy, amrehemu Sheikh Al-Amin na maulamaa wetu wote waliotangulia, awaangazie makaburi yao. Atupe riziki ya halali yenye baraka, atuwezeshe kuwatunza wazazi wetu, na akubali kidogo tunachokitoa kwa ajili yake. Atukubalie saumu zetu, na atufikishe Idi tukiwa katika afya na amani. Amin, ya Rabbal-alamin.

Ramadhan Kareem. Wabillahi tawfiq, wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.